Siku Mfereji Uliponuka Peremende

Makambako,
Jumapili, 12 Mei 2024

Kwa dada yangu Redempta,

Shikamoo dada. Kabla hujauliza: wazima wote. Kikohozi cha baba Daudi kimeisha, na Daudi mwenyewe kapata leseni ya lori, sasa nyumba nzima anatuelekeza pa kupita kama magari. Cherehani zangu mbili zinakwenda, ya tatu imelala. Huko Vunta mvua imewaachia barabara? Shemeji Respicius bado anaongea na redio kuliko anavyoongea na watu?

Najua unashangaa kwa nini barua wakati simu zipo. Dada, simu yako si yako. Kwenu mtandao unashika pale kwenye kona ya ukuta wa shule tu, ambako husimama kijiji kizima, na shemeji kwa masikio yake mazito ameiweka sauti ya nje moja kwa moja. Mwezi uliopita nilikuuliza habari za kiuno, akanijibu jirani yenu Lukia! Hili la leo silitaki lijibiwe na Lukia.

Dada, nimepata kitu! Kuna kikundi cha wanawake hapa wanakamua mafuta ya mnanaa, ule mkali wa peremende. Wanashindilia majani kwenye pipa, wanachemsha, mvuke unapita kwenye bomba lililozamishwa kwenye maji baridi, na mwishoni mafuta yanaelea juu kidogo tu. Gunia zima la majani, chupa ndogo ya mafuta. Lakini chupa hiyo! Ukiifungua, pua inafunguka mpaka kisogoni. Kichwa kikiniuma napaka kwenye paji. Mchana macho yakiwa mazito kwenye cherehani, nanusa, naamka. Na kuna mengine, ya umri wetu huu, ambayo yamenisaidia mimi na naamini yatakusaidia na wewe.

Nimesikia Pasaka uliteremka jukwaani katikati ya wimbo. Wewe, uliyeimbisha kwaya ya akina mama miaka kumi na tisa, tena siku nyingine na homa juu! Kulikoni?

Basi la Arusha linapiga honi, kondakta kaninyooshea mkono. Nampa barua na chupa aviache Hedaru, dukani kwa Abdulmajid. Namna ya kutumia nitakuandikia kwenye barua ijayo.

Mdogo wako mwenye haraka,
Leticia


Vunta,
2 Juni 2024

Mdogo wangu Leticia,

Marahaba. Barua yako imefika ikinuka dizeli. Sisi hatujambo. Mahindi yamekaa vizuri. Maharage nusu yameliwa na ngedere, nusu na mbuzi wa Lukia, na shemeji yako anataka kumfikisha mbuzi barazani. Nimemwambia kesi itatugharimu kuliko maharage yenyewe. Kanijibu kwamba Mpare haogopi kesi, anaogopa kushindwa. Baridi imeanza, asubuhi ukungu unashuka mpaka mlangoni na watu wanavaa makoti mawili.

Chupa yako haijapanda. Mke wa Abdulmajid alimpa dereva barua, akasema chupa mumewe kaifungia kabatini isivunjike, na mume yuko Ndungu kwenye mpunga na ufunguo anao yeye. Nasubiri.

Habari ya Pasaka ni ndogo. Nilikumbuka sikumfunga ndama. Basi.

Nikuambie na jingine kabla hujalisikia kwa Lukia. Kwaya namwachia yeye. Nimeshamwambia Nicolaus, mwenyekiti wetu, kwamba mashindano ya Same mwezi wa kumi na moja ndiyo ya mwisho kwangu, na ikibidi hata hayo aimbishe Lukia. Sauti imechoka. Mtu akijua kuingia ajue na kutoka.

Na wewe, mwaka jana ulifunga cherehani miezi miwili ukasema malaria. Malaria gani ya miezi miwili? Nilikuuliza, hukunijibu.

Wasalimie wote, na huyo dereva wa lori mwambie ajifunze kwanza kurudi nyuma.

Dada yako,
Redempta


Makambako,
16 Juni 2024

Dada,

Shikamoo. Sisi wazima, kuku kaangua kumi na mmoja, na baba Daudi anawasalimu.

Ndama? Ndama siku ya Pasaka, katikati ya ubeti wa tatu? Dada, ng'ombe wenu alikufa mwaka juzi!

Sauti yako haijachoka, usinidanganye. Lukia anaimba vizuri, sikatai, lakini subira hana, sauti ya tatu watahama kwaya kabla ya Krismasi. Tangu tulipokuwa watoto wewe ndiye uliyekuwa ukitupanga kwa urefu tukiwa tunachota maji, unatuimbisha na ndoo kichwani. Ukiacha kuimbisha utafanya nini, dada? Utakaa na shemeji msikilize bei ya mazao?

Nakuuliza waziwazi. Linaanzia kifuani, linapanda shingoni mpaka kwenye masikio, unalowa kama umenyeshewa, halafu unabaki unatetemeka? Ni hilo? Nijibu ndiyo au hapana, sitaki ndama.

Sasa mafuta, na usome mara mbili. Ni makali! Usiyapake yenyewe. Matone mawili kwenye kijiko cha mafuta ya nazi au ya alizeti, unapaka nyuma ya shingo na viganjani, basi. Au tone moja kwenye leso, unanusa. Usiyanywe, usiyakaribishe machoni, na mtoto mchanga asipakwe kabisa, hasa usoni. Yakikuwasha usikimbilie maji, futa kwanza kwa mafuta ya kupikia.

Nasubiri jibu la neno moja.

Leticia


Vunta,
7 Julai 2024

Leticia,

Hatujambo, na salamu nyingine utazipata mwishoni kama nitakuwa na nguvu.

Barua yako ya maelekezo ilipitiliza mpaka Arusha mfukoni mwa kondakta. Imenifikia juzi. Chupa ilinifikia siku nane kabla yake, peke yake, haina neno hata moja. Sasa kaa chini.

Jumamosi ile niliamka mapema, nikaona nijaribu. Mimi najua dawa ya kuchua: unachota, unachua, ikipungua unaongeza. Nikajaza kiganja. Shingo, kifua, mgongo mpaka mkono ulipofika. Kwanza ukaja ubaridi, mdogo wangu, ubaridi mtamu ambao sijaupata tangu mwaka jana! Nikacheka peke yangu. Kisha ubaridi ukageuka, ngozi ikawa kama imepakwa barafu na pilipili kwa pamoja. Nikatoka mbio na chupa mkononi.

Maji ya karibu ni yapi? Ndiva. Unaijua ndiva yetu ilivyo asubuhi, bwawa limejaa maji ya usiku kucha, inasubiri kufunguliwa ishuke mashambani. Unaijua na sheria yake: hata bata haingii. Mimi niliingia mpaka kifuani, na gauni langu, na chupa ambayo kifuniko sijui nilikiacha wapi. Maji yakazidi kuyaamsha yale mafuta. Nilizama, nikaibuka, na nilipofuta macho nikamwona Lukia amesimama ukingoni na jembe begani. Ilikuwa zamu yake ya maji.

Alisema neno moja tu. "Mwimbishaji?"

Aliifungua ndiva hivyohivyo, maana zamu ikipita imepita. Leticia, mfereji mzima ulinuka peremende! Mpaka mashamba ya chini kabisa. Watoto waliteremka nao mbio wakipiga kelele kwamba kuna mtu kayeyusha gunia la pipi. Wazee walitoka makwao wakinusa hewa.

Nimeitwa na kamati ya ndiva. Watu wa kule chini wanadai maharage yao yataota na mnanaa. Shemeji yako anafurahi, amepata kesi, ameanza kutafuta mashahidi. Mimi sili. Maana wataniuliza mbele ya kijiji kizima, wanaume na wakwe: ulikuwa unafanya nini na mafuta hayo? Nitasema nimeteleza.

Mlimani huku kila mtu ana makoti mawili, mimi najipepea na daftari la nyimbo. Pasaka ile gauni lilinigandia mgongoni, nikasikia mtu nyuma anacheka. Huenda hakunicheka mimi. Nilishindwa kurudi.

Swali lako: ndiyo.

Redempta


Makambako,
21 Julai 2024

Dada yangu,

Shikamoo! Nimecheka mpaka mteja kaniacha na kitambaa chake. Kisha nikasoma mwisho, nikalia, nikafunga mlango wa ushonaji nikalia vizuri. Kosa ni langu. Ningeandika mistari miwili tu siku ile, kondakta angesubiri. Nisamehe dada.

Nataka nikukumbushe mama. Unakumbuka alivyokuwa anaacha chungu jikoni, anatoka bila kusema neno, anakwenda kukaa mgombani na khanga moja wakati sisi tunatetemeka? Tukasema mama kakasirika. Tukanyamaza tusimchokoze, baba akamnunia kwa sababu aliona kanuniwa. Miaka ile yote hakukasirika, dada. Alikuwa anaungua, hakuwa na wa kumwambia, na sisi tukamwacha huko migombani peke yake. Nikiliwaza hili nakosa raha.

Usiseme umeteleza. Utateleza mara ngapi? Sema. Na kabla ya yote nenda zahanati kwa Dorkas, muuguzi wenu, umweleze tangu mwanzo, akupime na presha. Mafuta haya si daktari. Hayazimi huo moto, yanakupa nafasi ya kupumua hadi upite. Na ukiona damu inarudi baada ya mwaka mzima wa kukoma, hapo mnanaa weka pembeni, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Niandikie baraza lilivyokwenda. Nimekaa roho juu!

Leticia


Vunta,
18 Agosti 2024

Mdogo wangu mpenzi,

Marahaba! Sisi wazima kabisa, mpaka naona aibu kuwa mzima hivi. Keti nikuhadithie.

Tulikusanyika pale juu ya ndiva, ukungu mzito, watu na makoti na kofia. Shemeji yako akaanza. Akasema ndiva haina uzio, na kama haina uzio basi aliyeingia hakuvunja mlango. Akauliza nani ameuona huo mnanaa ukiota kwenye maharage, auoneshe. Alizungumza kwa muda mrefu na alizungumza vizuri, sikujua ana maneno yote hayo. Mzee wa kamati akamshukuru, akanigeukia. "Mama, mafuta yale yalikuwa ya nini?"

Nilikuwa nimeshajiandaa na kuteleza kwangu. Nikasimama, na hapohapo, Leticia, joto likaja. Lilikuja kama shahidi aliyeitwa. Jasho likanitiririka mbele ya watu wenye makoti, hata mbuzi wa Lukia aliniona. Nikasema liwalo na liwe. Nikavua sweta. Nikawaambia, "Nina miaka hamsini na miwili. Siku zangu zimekoma. Linanijia hivi mara sita, mara saba kwa siku, na Pasaka lilinitoa jukwaani. Mdogo wangu kanitumia mafuta ya kunipoza, nikayazidisha, nikakimbilia maji. Ndivyo ilivyokuwa."

Wazee wakatazama viatu vyao. Nikajua nimekwisha.

Lukia akasimama. Nilidhani anadai maji yake. Akasema, "Mimi mwaka wa tatu huu. Nalala na dirisha wazi, mume wangu kahamia chumba cha wageni." Na mwingine nyuma yake: "Na mimi." Na mwingine. Tulihesabu kumi na moja, na saba kati yao ni wa kwaya yangu! Saba, Leticia! Wamekuwa wakisimama mbele yangu kila Jumatano wanalowa ndani ya sare, na mimi nageuza uso nisionekane, na wao wanageuza wasionekane. Huyo aliyecheka Pasaka ni Lukia. Alikuwa anamwambia jirani yake, "Afadhali yeye amepata pa kutokea."

Faini nimepigwa, sheria ni sheria: kupika makande ya msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kusafisha ndiva, kijiji kizima kile kishibe. Sikuyapika peke yangu. Wote kumi na moja walikuja na mahindi yao na kuni zao, na Dorkas akaja kukaa nasi mekoni. Katueleza yale yale uliyoandika, na zaidi: kwamba si ugonjwa, si laana, hutofautiana mwili na mwili, kwamba pilipili na chai kali humwongezea mwingine moto, na kwamba anayeteseka mno asivumilie tu, kuna matibabu hospitali. Kila mmoja kampima presha palepale, wawili kawaandikia waende Same.

Jioni ile shemeji yako alizima redio. Akanitazama, akauliza, "Huwa inauma?" Miaka ishirini na tisa ya ndoa, Leticia. Nikamwambia haiumi, inachosha. Akasema, "Ungeniambia." Nikasema, "Ningekwambia kwa sauti ya nje?" Tulicheka mpaka chai ikapoa.

Lakini usishangilie mapema. Vunta ni kwetu, Same ni kwa watu. Kwaya tisa, majaji, viti vimejaa, na joto la kule chini unalijua. Pale nikitoka tena, nimetoka mbele ya wilaya. Lukia bado anafanya mazoezi ya kuimbisha, nami simkatazi.

Redempta


Makambako,
15 Septemba 2024

Dada,

Shikamoo. Leo sina habari za kuku.

Sikuwa na malaria. Nilimshonea bibi harusi gauni jeupe, siku ya kulijaribu joto likanishika nimeinama nampima pindo, jasho langu likadondoka kwenye kitambaa chake mbele ya mama zake. Hawakunilaumu. Mimi ndiye niliyefunga mlango. Miezi miwili nilijua nina ugonjwa wa moyo, ninakufa, na sikutaka kuambiwa na daktari. Mwanamke wa kile kikundi ndiye aliyekuja kubisha hodi, akanipa leso ya mnanaa, akanishika mkono mpaka hospitali. Moyo wangu mzima. Niliyafurahia mafuta yale kuliko yanavyostahili, sasa unajua kwa nini.

Nilikuwa naona vyepesi kukuuliza wewe kuliko kukujibu. Ndiyo hivyo, nimekujibu.

Natuma vichupa kumi na viwili, vimeshachanganywa na mafuta ya alizeti kwa kipimo sahihi, usiongeze kitu! Na leso kumi na mbili nimezishona mwenyewe, za bluu kama sare yenu. Safari hii maelekezo yamo ndani ya boksi, nje ya boksi, na kwenye karatasi mfukoni mwa dereva.

Same usiende kumtazama Lukia. Nenda kaimbishe.

Leticia wako


Vunta,
17 Novemba 2024

Leticia! Leticia! Leticia!

Salamu baadaye. Tumerudi jana jioni, sauti sina, naandika kwa sababu ndicho kilichobaki.

Tulishuka Same alfajiri, akina mama ishirini na wanne kwenye lori la tangawizi, kila mtu na leso yako. Kufika Hedaru tu makoti yote yalikuwa chini. Same jua lilikuwa kali, bati la ukumbi linalia. Tulipangwa wa saba. Nilikaa nyuma nikawatazama sita wa kwanza, na kila kwaya ikimaliza nilimwambia Lukia, "Utaimbisha wewe." Naye kila mara alinijibu, "Sawa." Tulipoitwa alikwenda akasimama mahali pake pa kila siku, sauti ya kwanza, mstari wa mbele, akaniachia njia. Sikuwa na namna. Nikapita.

Ubeti wa kwanza vizuri. Wa pili vizuri zaidi, sauti ya tatu walitulia kama wamelala. Kiitikio cha kuingia wa tatu, likaja. Kifuani, shingoni, masikioni, nikawa siwaoni majaji. Mlango ulikuwa kushoto kwangu, hatua kumi hivi, na umefunguliwa. Nakwambia ukweli, mguu wa kushoto ulishageuka.

Nikawatazama waimbaji wangu. Lukia alikuwa analowa. Jirani yake analowa. Na Lukia, bila kukatisha noti, akachomoa leso yako, akajifuta uso taratibu, akanusa, akaniinulia nyusi. Kwenye pumziko kabla ya ubeti nikachomoa yangu. Nikanusa. Ule ubaridi ukaingia, kidogo tu, kiasi cha pumzi moja, na pumzi moja ilinitosha kuinua mkono. Niliuinua na leso ndani yake. Wakaziinua zote, Leticia, leso za bluu ishirini na nne, maana zile kumi na mbili walikuwa wamezikata nusunusu wakagawana! Ukumbi ukapiga makofi, wakadhani ni mtindo tulioufanyia mazoezi. Tukauimba ubeti wa tatu nikiwa nimelowa chapachapa mpaka kwenye soli za viatu, naimbisha kwa leso, na sikutazama mlango tena.

Tumekuwa wa pili. Jaji mmoja katuandikia "ubunifu wa leso, alama tisa". Dorkas kacheka mpaka akakaa chini.

Kurudi, lori limeanza kupanda, mwenyekiti Nicolaus akasimama kwa adabu zake zote akiwa ameshika bomba la lori. Akasema, "Akina mama, kama tulivyoarifiwa, mwimbishaji wetu alisema mashindano haya ndiyo ya mwisho. Tunamshukuru sana. Kwa hiyo sasa tunaomba jina la mtu wa mwakani."

Wote walitazama barabara, hata Lukia. Hakuna aliyenisihi, hakuna aliyenibembeleza. Nilikuwa bado nimelowa, upepo wa mlimani unanipuliza mgongo, na sikuwa na aibu hata chembe.

Nikasema, "Andika Redempta."

Dada yako